Akili na Khabari: Funzo Kutoka Uzigua



Ni jepesi ulimini neno hili la kusema kuwa fulani hana akili. Mtu ameuza rahisi, au amenunua ghali, au ametia kidole karatasi iliyomponza, na papo hapo jirani wanamhukumu. Lakini akili ni kama mizani. Mizani ikiwa nzima hupima barabara, ila haiwezi kupima kitu ambacho hakikutiwa ndani yake. Aliyepewa nusu ya khabari atapima hiyo nusu, na akipima vizuri namna gani jawabu lake litakuwa pungufu. Basi kabla hatujamcheka mwenzetu, yatupasa tuulize: alikuwa anajua nini siku ile alipoamua? Na aliyekuwa anajua zaidi yake, alimwambia nini?

Katika makala haya nataka tulitazame tukio moja la historia yetu wenyewe, lililotokea karibu miaka 190 iliyopita. Nchi yenyewe ni Uzigua, yaani Handeni, Kilindi na sehemu ya Korogwe, penye vijiji ambavyo majina yao huanzia Kwe na Kwa: Kwedizinga, Kwediboma, Kwamsisi, Kwamatuku. Msomaji wa Tanga au Pangani anaijua nchi hii, kwa kuwa mahindi na machungwa yake humfikia mlangoni. Lakini huenda hajui jinsi nchi hii na pwani yake zilivyowahi kukutana katika biashara moja mbaya mno.

Uzigua ni nchi ya kutegemea mvua. Vuli ikikosa, watu huitazamia masika. Na masika nayo ikikosa, ghala huwa tupu. Katikati ya miaka ya 1830 mvua zilikosekana kwa namna ambayo haikusahaulika. Njaa ikawa kubwa, watu wakafa, na waliobaki na nguvu za miguu wakashuka pwani kutafuta chakula: Pangani, Mkwaja, Sadani. Wasafiri wa Kizungu waliopita pwani yetu miaka iliyofuata waliandika waliyoyasikia kuhusu Wazigua waliojitoa wenyewe na watoto wao kwa vipimo vichache vya nafaka.

Msomaji atauliza: Je, mzazi mwenye akili humtoa mwanawe kwa nafaka? Hapa ndipo tunapotakiwa tuwe waangalifu. Wazigua walikuwa na desturi yao ya zamani ya kuweka mtu rehani. Nyumba ikidhikika, mtoto hupelekwa kwa jamaa au jirani mwenye uwezo, akakaa huko akifanya kazi na akila chakula cha huko, na nyumba yake ikapata cha kuishia. Mwaka wa neema ukirudi, jamaa zake humwendea wakamkomboa. Na kwa kuwa Wazigua walihesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ndiye aliyekuwa na sauti kubwa katika jambo hilo, naye ndiye aliyewajibika kumrudisha mtoto. Rehani hii haikuwa raha, wala hatuisifu. Lakini ilikuwa njia iliyojulikana, yenye mwanzo na mwisho, na wengi walikuwa wamepita humo na wakarudi kwao.

Basi Mzigua aliyeshuka pwani katika njaa ile alikwenda na elimu hiyo kichwani. Alipima hivi: nikibaki hapa nitakufa na wanangu watakufa, nikienda kwa tajiri wa pwani tutakula, tutafanya kazi, na mvua ikirudi tutarejea. Mpaka leo masimulizi ya Wazigua yanashikilia neno hilo: kwamba wazee wao walikubali kufanya kazi kwa ajili ya chakula, kwa muda, kisha warudi. Hebu mhukumu kwa haki. Kwa yale aliyoyajua, ni shauri gani lililokuwa bora kuliko hilo?

Aliyokuwa hayajui ndiyo yaliyomwangamiza. Hakujua kwamba tendo lile lile ambalo kwao liliitwa rehani, kwa baadhi ya wafanya biashara wa pwani liliitwa mauzo. Hakujua kwamba miaka ile mashamba ya karafuu yalikuwa yanapanuka Unguja na Pemba, na mashamba ya nafaka yalikuwa yanafunguliwa nyuma ya Barawa na Marka, na kote huko mikono ilikuwa inatafutwa kwa bei. Na zaidi ya yote hakuijua bahari. Sisi wa pwani tunajua tangu utoto kwamba kusi ikivuma jahazi hukimbia kwenda kaskazini, na haliwezi kurudi mpaka kaskazi ianze kuvuma, miezi mingi baadaye. Kutoka Pangani hadi Barawa ni zaidi ya kilomita 800. Mkulima wa bara aliyekanyaga jahazi wakati wa kusi, akiambiwa kwamba anakwenda karibu kufanya kazi, hakuwa na njia yoyote ya kulijaribu neno lile kama ni kweli au uwongo. Nahodha alijua. Mwenye mzigo alijua. Aliyepakiwa peke yake ndiye asiyejua.

Jambo hili wataalamu wa uchumi wamelieleza kwa lugha yao, nao wamechelewa kulieleza. Kwa muda mrefu vitabu vyao vilimchora mtu ambaye anajua bei zote, anajua njia zote, anaona mwisho wa kila jambo, kisha anachagua lenye faida kubwa kuliko yote. Mtu wa namna hiyo hajazaliwa. Mmarekani mmoja, Herbert Simon, aliandika mwaka 1955 kwamba akili ya binadamu katika kuchagua ina mipaka: khabari zake ni chache, muda wake ni mfupi, na uwezo wake wa kupiga hesabu una kikomo. Kwa hiyo hatafuti lililo bora kupita yote. Hutafuta linalotosha, na akilipata hulishika. Kwa kazi hiyo na nyinginezo alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Sisi tunaosoma Kur'ani hatukuhitaji kungoja mwaka huo ili tujue kwamba mwanaadamu hakupewa katika elimu ila kidogo. Lakini ni vizuri kuona kwamba mwenye kuchunguza kwa uaminifu hufika pale pale.

Yaliyowapata Wazigua baadaye yanazidi kulithibitisha neno hili. Wengi wa waliopelekwa Barawa na Marka walitiwa katika kazi za mashamba karibu na mto Shabelle. Walipoyajua ya huko na kuona kwamba ahadi ya kurudi haikuwapo, kundi kubwa lilitoroka. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke mmoja, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Nia yao ilikuwa kwenda kusini, kwao, kwa miguu. Hawakuijua njia, wala urefu wake, wala watu waliokaa katikati. Walipofika mto Juba walikuta msitu mnene na udongo mzuri wa kando ya mto. Mbung'o walikuwa wengi, na kwa sababu hiyo wafugaji hawakupenda kuingia na ng'ombe wao. Mbele yao ilikuwa nchi ya Waoromo, ambao zama zile walikuwa na nguvu. Wakapima, wakaona kwamba hapo panatosha. Wakafyeka msitu, wakalima, na wakajilinda. Mahali pale pakaitwa Gosha, na watumwa wengine waliotoroka, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, wakawafuata huko. Baada ya muda wengi wao walisilimu. Hawakufika nyumbani, lakini walipata uhuru, na lugha yao ya Kizigua waliihifadhi vizazi kwa vizazi.

Tazama sasa, ndugu msomaji. Watu ni wale wale, na akili ni ile ile. Pwani walipoamua kwa khabari waliyopewa na mtu mwenye kufaidika kwa kuwaficha, waliishia utumwani. Mtoni walipoamua kwa waliyoyaona kwa macho yao wenyewe, waliishia huru. Katika mara zote mbili hawakujua kila kitu, na katika mara zote mbili walichagua linalotosha. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeishika khabari, na aliifanyia nini.

Hapa nataka tuseme jambo ambalo wengi wetu wa pwani hatupendi kulisema. Waliokuwa wanajua katika kisa hiki walikuwa watu wa pwani, na wengi wao walikuwa Waislamu. Wako wanaojitetea kwa kusema kwamba zama zile ndivyo dunia ilivyokuwa, na kwamba mwenye njaa alikuja kwa miguu yake. Utetezi huu hausimami mbele ya sheria yetu. Aliye huru hawi mali kwa sababu ya njaa, wala kwa sababu yeye mwenyewe ameridhia, seuze kwa sababu ya mjomba wake. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mwenyezi Mungu amesema kuwa Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akaivunja, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mfanya kazi akaitimiza kazi kisha asimpe ujira wake. Msomaji ahesabu mwenyewe: jahazi la kusi limeingia katika mangapi kati ya hayo matatu?

Na dini yetu haikungoja dhulma ifike kiasi hicho ndipo ikataze. Imeanza mbali, kwenye mlango wenyewe wa dhulma, nao ni tofauti ya khabari baina ya muuzaji na mnunuzi. Zama za Mtume Muhammad (S.A.W.) misafara ilikuwa ikija Madina na bidhaa kutoka mbali. Wajanja wa mjini walitoka kwenda kuilaki njiani kabla haijafika sokoni, wakanunua kwa bei ya chini kwa kuwa mgeni hajui bei ya mjini. Mtume akalikataza jambo hilo, na akampa mwenye bidhaa hiyari: akifika sokoni akaona bei yenyewe, anaweza kuuvunja mkataba ule. Fikiri uzito wa hukumu hii. Muuzaji alikuwa mtu mzima, mwenye akili timamu, aliyeridhia kwa ulimi wake. Juu ya hayo akapewa haki ya kurudi nyuma, kwa kuwa ridhaa ya asiyejua si ridhaa kamili.

Vile vile imepokewa kwamba Mtume alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akamtenga kila mwenye kughushi na umma wake. Mvua haikuwa kosa la mfanya biashara yule. Kosa lake lilikuwa kuifukia khabari chini ya rundo.

Mwaka 1970 mtaalamu mwingine wa Marekani, George Akerlof, alieleza kwa mfano wa magari yaliyokwisha kutumika kwamba mnunuzi asipoweza kutambua zuri na bovu, hukataa kulipa bei ya zuri. Basi mwenye gari zuri huliondoa sokoni, na yakabaki mabovu. Naye alipata tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili mwaka 2001. Maana yake ni kwamba anayeficha hamwibii mnunuzi peke yake, bali anamwibia na jirani yake mwaminifu, kwa kuwa soko zima limepoteza imani.

Sasa turudi Kwedizinga ya leo. Njaa ya miaka ya 1830 imepita na majahazi yale yamekwisha. Je, tofauti ya khabari nayo imekwisha? La hasha. Uko mtindo, huko na kwingineko, wa kununua mahindi yangali machanga shambani, na machungwa yangali mabichi mtini. Mnunuzi amekuja na fedha taslimu, naye anajua bei ya Dar es Salaam, anajua malori mangapi yako njiani, na anakisia bei ya mwezi wa pili ujao. Mkulima anajua kitu kimoja tu, kwamba ada ya shule inatakiwa Jumatatu. Mtume alikataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kusalimika kwake, akamkataza muuzaji na mnunuzi wote wawili, kwa kuwa hakuna kati yao ajuaye kama Mwenyezi Mungu atayajaalia kuiva. Na uko mtindo wa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo sheria ya vipimo ya nchi imelikataza. Jina la kipimo ni gunia moja, lakini kilichomo ni gunia na zaidi.

Nataka nisieleweke vibaya. Si kila auzaye mapema ni mjinga. Wako wanaojua fika kwamba bei itapanda, lakini haja imewabana, na haja haingoji bei. Mtu huyu hamfai mawaidha ya kusubiri. Humfaa mkopo usio na riba kutoka kwa jamaa, au ghala la pamoja, au msikiti wenye mfuko wa Waislamu wa mtaa. Mzigua wa zamani naye alibanwa na haja. Tofauti ya haja na ujinga ni kubwa, na dawa zake ni mbalimbali. Lakini dhalimu huwapenda wote wawili, na humpenda zaidi aliyekusanya yote mawili kwa pamoja.

Tena liko jambo lililo karibu zaidi na nyumba zetu. Mabinti na vijana wa mwambao, wa Tanzania na wa Kenya, wanasafiri kwenda kufanya kazi Uarabuni. Wako waliopata riziki njema na kuwajengea wazazi wao, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Wako pia waliotia sahihi mkataba wa lugha wasiyoisoma, kwa mtu wasiyemjua asili yake, kwa mshahara waliotajiwa kwa mdomo tu. Wamefika huko wakanyang'anywa pasi zao, wakakuta kazi siyo ile, na njia ya kurudi imefungwa. Kisa hiki tunakijua. Ni kile kile cha Pangani na Barawa, isipokuwa sasa chombo kinaruka angani na hakingoji kusi.

Basi tufanye nini? Kwa asiyejua, kuuliza si ujinga, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Usimuulize mwenye kufaidika peke yake. Muulize aliyekwenda akarudi. Taka jambo liandikwe, kama Kur'ani ilivyotuamrisha kuandika deni la muda, na wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila khabari. Na katika kila shauri uliza kwanza mlango wa kutokea uko wapi. Wazigua walijua mlango wa kuingilia katika rehani, na wakadhani wa kutokea ni ule wa kwao.

Ama anayejua, huyu ndiye ninayemkusudia zaidi, kwa kuwa mzigo ulio mkubwa ni wake. Wewe dalali, wewe mwenye duka, wewe wakala wa safari, wewe shangazi unayempelekea rafiki yako mtoto wa ndugu yako akafanye kazi mjini: elimu uliyonayo juu ya bei, juu ya kipimo na juu ya hali ya huko aendako mwenzio ni amana uliyowekewa. Ukimwambia kweli kisha akachagua, amechagua yeye. Ukimficha, umemchagulia wewe, na hesabu ya uchaguzi ule itaandikwa katika daftari lako.

Nimalizie kwa khabari ya watu wa Juba. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, wajukuu wa Wazigua wale waliikimbia Gosha kwa maelfu. Wengi waliingia Kenya, na baadaye maelfu ya watu wa Gosha wakapokewa Marekani. Lakini baadhi yao walishuka na bahari mpaka Tanzania, wakapelekwa Handeni, na baadaye wakapewa makazi Chogo katika wilaya hiyo hiyo. Wenyeji waliwasikia wakisema, wakafahamu maneno yao, kwa kuwa ni Kizigua. Wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Ahadi ya "muda mfupi, kisha mtarudi" ilichukua zaidi ya miaka 150, na waliorudi hawakuwa wale walioahidiwa.

Tumuombe Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, atulinde na kudhulumu na kudhulumiwa, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosema kweli pale ambapo kunyamaza kuna faida. Amin.